Kipembe cha Ugoro

Jumatatu, 3 Juni

Salamu kwanza. Mwalimu wa ngumbaru, anayetufundisha watu wazima kusoma, asema shajara haina salamu kwa sababu haiendi kwa mtu. Mimi sijui kuanza bila salamu. Mkono wakataa.

Basi. Baba Mueni hajambo, mguu uliopooza wamuuma lakini uji ameumaliza. Mueni binti yetu hajambo huko kwake Voi, alipiga simu Jumamosi. Mzee Mdogo mwanangu hajambo, amelala sasa hivi kwa kuwa alikesha shambani. Ndunge mkewe hajambo, yuko kazini Diani, hoteli, kufua mashuka. Mwende mtoto wao hajambo, jino limeng'oka. Mbuzi watatu hawajambo. Mimi mwenye kuandika sijambo, ila moyo. Moyo haujatulia tangu siku nilipozaa mara ya kwanza.

Ndovu wamepita tena. Mistari minne ya mahindi, upande wa msitu. Laiti wangekula tu. Wanakanyaga. Mzee Mdogo alipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, lakini wameshamzoea, wamsikia kama redio.

Saa nne walikuja watu wa gemu. Ndivyo tuwaitavyo askari wa wanyama, jina la zamani. Wakapima kwa hatua, wakajaza fomu ya fidia, wakasema tungoje. Fomu ya mwaka juzi bado twaingoja. Wakatukumbusha tusimguse mnyama. Nikawapikia chai. Sijui kwa nini niliwapikia chai.

Ndunge amepiga simu mchana. Wenye hoteli yao ndio wenye ile hifadhi ya ng'ambo ya kilima. Wataka vijana wa kulinda ndovu. Kuulizwa maswali ni Alhamisi, huko huko hotelini. Mzee Mdogo akacheka. Asema amelinda mahindi dhidi ya ndovu miaka yote, sasa atalinda ndovu dhidi ya nani.

Lakini atakwenda. Nimeona uso wake. Anaitaka.


Jumatano, 5 Juni

Nimefua shati jeupe. Nimelipiga pasi mara mbili, makaa yalikuwa hafifu.

Nimegundua sijaandika jina la mwanangu humu. Siwezi. Ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu sisi Wakamba mwanamke hatamki jina la baba mkwe, hata akifa. Nilipozaa wa kiume akapewa jina la babu yake kama ada ilivyo, nikabaki na mtoto nisiyeweza kumwita. Nikamwita Mzee Mdogo. Miaka ishirini na tisa sasa. Mwalimu wake wa chekechea alidhani namtania.

Mzee mwenyewe, yule mkubwa, alikuwa mbeba bunduki wa Mzungu mmoja, zamani za Wazungu kuwinda kwa leseni. Mzungu alipiga, Mzee alibeba. Alibeba bunduki kwenda, akabeba pembe kurudi. Walipoachana Mzungu akamkatia ncha ya pembe, urefu wa kidole changu cha kati, akamwambia haya, ya kwako. Mzee akaitoboa ndani, akaitilia kifuniko cha ngozi, ikawa kipembe cha ugoro. Alikuja nacho huku pwani tulipopewa mashamba ya skimu ya serikali. Alipokuwa akifa alisema kiende kwa mwenye jina lake. Jina na kipembe haviachani.

Hukaa juu ya kabati, ndani ya kopo la kakao. Jioni nimekiteremsha. Nimekipangusa kwa mafuta ya nazi. Bado chanuka ugoro.

Nikamwambia akichukue kesho. Wakimuuliza kama awajua ndovu, awaonyeshe, wajue yeye ni mtu wa nyumba gani. Akasema, "Mama, wale wataka cheti." Nikasema cheti utawapa, na hiki utawapa wakione.

Nimekitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati. Upande wa moyo.


Alhamisi, 6 Juni

Ametoka alfajiri. Nimempaka mafuta usoni, amekubali kama mtoto.

Nimepika maharagwe ya nazi. Amechelewa. Simu yake haishiki. Ya Ndunge yalia lakini haipokelewi.

Maharagwe yamepoa. Nimeyafunika.


Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu alisema andika lililotokea, kisha andika ulivyoona. Basi, naandika lililotokea.

Asubuhi Suleimani wa bodaboda alikuja kutoka Kikoneni. Hakushuka kwenye pikipiki. Akasema, "Mama Mueni, mwanao yuko ndani tangu jana. Kesi ya nyara."

Nyara. Nikakaa chini mchangani. Nyara nasikia kwenye redio kila siku, fulani ametekwa nyara, jamaa zake wadaiwa fidia. Mwanangu ameteka mtu? Nani? Kwa nini?

Nikamkimbilia jirani yangu, Bi Mwanasha. Yeye ni Mdigo, tumesoma ngumbaru benchi moja, hanifichi neno. Akasema, "Mzee Mdogo ateke mtu? Yule hata kuku wa sikukuu huwa ashikiwa na mkewe." Akavaa buibui, tukapanda pikipiki moja sote wawili nyuma ya Suleimani.

Njia nzima nilikuwa nikijipanga. Nitasema nini. Nitasema hajawahi kupigana. Nitasema Alhamisi alitoka na nguo gani, saa ngapi, na kwamba hakuwa na kamba wala kisu.

Kituoni palikuwa na polisi kijana wa bara, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza, "Mathe, jina ya mshukiwa?" Nikasema Mzee Mdogo. Wote wakacheka. Akaniuliza tena, nikashindwa. Bi Mwanasha akalitamka kwa niaba yangu.

Nikasema mwanangu hajateka mtu. Nikasema mara tatu. Wakatazamana. Yule kijana akafungua bahasha, akatoa kipembe, akakiweka mezani. Akaniuliza, na hii?

Nikafurahi. Mungu shahidi, nilifurahi. Niliona hapa ndipo pa kumwokolea mwanangu, kwa sababu habari za mtu aliyetekwa sizijui, lakini habari za kile kipembe nazijua zote. Nikasema, "Hicho ni chake. Ni chake tangu utoto. Nilimpa mimi kwa mkono wangu, nikakitia mfukoni mwake."

Akaandika pole pole. Akanisomea. Yalikuwa maneno yangu, hapana uongo. Akaniletea kidau cha wino cha dole gumba. Nikamwambia, mwanangu, mimi najua kuandika. Nikatia sahihi. Jina langu lote, herufi moja moja. Nikaona fahari.

Hawakuniruhusu kumwona.


Jumamosi, 8 Juni

Ndunge amerudi. Macho yamevimba. Nimemwambia asilie, nimeshakwenda, nimeshaeleza kila kitu.

Akauliza nimeeleza nini. Nikamwambia.

Akavua kitambaa kichwani, akakikunja. Kisha akasema, "Mama. Nyara ndiyo hiyo pembe."

Sikuelewa. Akanieleza tena. Kitu chochote cha mnyama, pembe, ngozi, jino, mkia, serikali yakiita nyara. Ukipatikana nacho bila kibali ni kesi kubwa. Hakuna mtu aliyetekwa. Hapakuwa na mtu kabisa.

Akanihadithia ilivyokuwa, kwa kuwa alikuwapo, alikuwa akiingiza vitambaa vya meza. Chumba kile cha maswali kina picha kubwa ukutani. Mzungu amekalia ndovu aliyekufa, nyuma yake amesimama mtu mweusi ameshika bunduki. Mwanangu aliingia, akaitazama, akasahau kukaa. Akasema yule aliyesimama ni babu yangu. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenye hoteli, ambaye wafanyakazi wamwita Bwana Mdogo, akasema basi tumefanana, maana yule aliyekaa ni babu yangu mimi. Lakini ilionekana hakuamini. Ndipo mwanangu akatoa kipembe mfukoni ili waamini.

Mezani alikuwapo na afisa wa gemu. Alikuja kusaidia kuchagua vijana. Alisimama pale pale, akamkamata.

Ndunge alipomaliza nililiteremsha kopo la kakao, nikalitazama ndani.

Nimemtilia mfukoni. Kisha nimetia sahihi.


Jumatatu, 10 Juni

Mahakamani. Nimemwona kwa mbali. Shati lile lile jeupe, kola imekuwa ya kahawia. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akatikisa kichwa kidogo kama asemaye sijambo.

Wakasoma. Kupatikana na nyara za serikali. Za serikali, wasema. Mzee alikuwa na kile kipembe kabla ya bendera hii kupandishwa.

Niliwaza kwenye benchi. Nyara ni kitu umenyang'anya vitani. Mzee alimnyang'anya nani? Hata kupiga hakupiga. Alibeba tu.

Dhamana wamekataa. Amerudishwa rumande. Nilikuwa nimebeba chapati tatu. Nimerudi nazo.

Naona hasira, halafu naona aibu, halafu sioni kitu.


Jumatano, 12 Juni

Baba Mueni amenena leo. Tangu apooze maneno yake ni machache na hutoka kwa taabu. Amesema, sanduku. Barua.

Sanduku la Mzee liko chini ya kitanda chetu, la bati, halijafunguliwa tangu matanga. Nikalivuta. Koti limeliwa na nondo. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, barua. Karatasi nzito, maandishi ya mkono, sahihi ya Mzungu chini. Kizungu chote. Mchwa wamekula pembeni tu.

Nikapiga magoti pale pale nikashukuru. Mzungu ameandika. Ameandika kwamba pembe ametoa yeye. Nilijua hivyo bila kusoma.

Nikaitia kifuani, nikaenda kwa mwalimu wa ngumbaru, mbio, kanga yafunguka njiani. Akaisoma kimoyomoyo kwanza. Nikaona amerudi juu kuianza tena. Nikamwambia soma tu, Mwalimu.

Akasoma kwa Kiswahili. Boi huyu amenitumikia miaka tisa. Ni mwaminifu, haibi, hanywi sana, ana nguvu ya kubeba. Atamfaa yeyote anayehitaji boi wa safari.

Nikangoja. Nikauliza, na pembe? Akageuza karatasi. Nyuma hapana kitu.

Boi. Wakati ule Mzee alikuwa na watoto wanne na wa tano tumboni.


Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda Diani. Mara yangu ya kwanza kuingia hoteli ile. Ndunge aliniingiza kwa mlango wa jikoni, akanifunga kilemba chake cha kazi ili nisiulizwe na mlinzi.

Ukumbini pana vichwa. Nyati, kongoni, mwingine mwenye pembe za kujinyonga kama parafujo, simjui. Macho ya kioo. Na pembe mbili za ndovu zimesimamishwa huku na huku mlangoni, zanizidi kimo. Watalii wapiga picha hapo. Mtoto mmoja alikuwa akizikumbatia.

Kisha nikaiona picha. Ni yeye. Baba mkwe wangu, kijana kuliko nilivyomjua, miguu mitupu, bunduki begani. Uso wa mwanangu. Ule ule, hata namna ya kukunja midomo akichoka. Niliinamisha kichwa kama ada, nikasema shikamoo baba, kimoyomoyo.

Chini pana kibati chenye maandishi. Ndunge akanisomea. Jina la Mzungu. Aina ya bunduki na namba yake. Uzito wa pembe. Basi. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Bunduki ina jina. Mzee hana.

Bwana Mdogo akatukuta pale. Nilidhani atatufukuza. Ni kijana wa makamo ya mwanangu, amezaliwa huku, Kiswahili chake chanipita mimi. Akanipa shikamoo. Akavuta kiti. Akasema amesikitika sana, hapati usingizi, anakumbuka uso wa mwanangu kila aingiapo chumba kile. Lakini afisa alikuwa pale, sheria ni sheria, angefanya nini.

Nikamwuliza zile za mlangoni si nyara? Akasema hapana, Mama, hizo zina kibali cha tangu zamani, kabla ya uwindaji kupigwa marufuku. Nikamwuliza, zamani hiyo, baba mkwe wangu angekwenda kuomba kibali cha kipembe chake, wangempa?

Akaniagizia chai. Ililetwa kwenye sinia na biskuti.

Nikamwambia babu yako alimpa babu yake, kwa mkono, kama zawadi. Wewe njoo useme hayo tu mbele ya hakimu. Akasema, "Nitakuja, Mama. Nakuahidi."

Nikanywa chai yote. Nilitaka aone kwamba nimemwamini.


Jumapili, 23 Juni

Kanisani mchungaji amemwombea mwanangu kwa jina. Nilisikia jina likitamkwa juu ya vichwa vya watu, mimi nimefumba mdomo.

Mama mmoja wa kwaya kaniuliza baada ya ibada, eti ni kweli tulikuwa na pembe nyumbani miaka yote hiyo? Tuna nyingine?

Nimekasirika mpaka sasa.


Jumanne, 2 Julai

Ndovu wamemaliza upande wote wa msitu. Hakuna wa kukesha. Nilitoka alfajiri nikawakuta bado wapo, watano na mtoto. Nikasimama na mwiko mkononi. Mwiko wa ugali. Sikujua hata nimetoka nao.

Mama ndovu alinitazama. Alikuwa amemweka mtoto katikati ya miguu. Nikaona hapana, huyu hana kosa na mimi. Nikarudi ndani.

Watu wa gemu wakaja, wakapima kwa hatua. Mmoja wao ni yule aliyekuwa pale hotelini, nilimwona mahakamani. Alinitambua. Akaandika fomu bila kuinua uso. Sikumpikia chai. Bi Mwanasha ndiye aliyemletea maji, asema mgeni ni mgeni, hata akiwa ametufilisi.


Alhamisi, 11 Julai

Siku ya kesi. Niliamka nikasali, nikabeba barua ya Mzee, nikabeba chapati tena.

Bwana Mdogo hakuja. Nilikaa nikitazama mlango. Kila mlango ulipofunguka nilinyanyuka kidogo.

Alikuja wakili mwenye tai, akatoa barua. Ikasomwa. Bwana Mdogo amesafiri. Vitu vyote vya hoteli vina vibali. Kuhusu picha, mtu aliyeshika bunduki hajulikani, hakuna jina lililoandikwa mahali popote, na familia haina kumbukumbu ya zawadi yoyote.

Hajulikani.

Mwanangu akaomba kusema. Akasema, mheshimiwa, ileteni picha hapa, kisha nitazameni mimi. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akamwambia uso si ushahidi.

Mwalimu wa ngumbaru alinisaidia kufikisha ile barua ya boi. Hakimu aliisoma yote. Akairudisha. Akasema pembe haikutajwa humo.

Kisha wakasoma maelezo yangu. Kwa Kizungu, halafu karani akayageuza Kiswahili. Hicho ni chake. Ni chake tangu utoto. Nilimpa mimi kwa mkono wangu. Maneno yangu kwa sauti ya mwanamume nisiyemjua. Wakaonyesha sahihi. Hakimu akauliza kama mama huyu yupo. Nikasimama. Akauliza kama sahihi ni yangu.

Ningesema nini? Ni yangu.

Nikataka kueleza habari ya nyara, kwamba nilidhani ni mtu. Nikaanza. Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu akawanyamazisha lakini na mimi akanikalisha.

Walipokuwa wakimpitisha kwenda kwenye gari aligeuka. Nilidhani ataniambia kitu kizito. Akasema, "Mama, debe liko chini ya kitanda changu. Fimbo yake nimeichomeka juu, kwenye makuti."

Sikulia pale. Nimelia huku, nilipoikuta fimbo.


Alhamisi, 25 Julai

Miaka mitano. Au faini, ambayo hata tukiuza shamba na sisi wenyewe haifiki.

Hakimu alisema anahurumia, lakini mikono yake imefungwa na sheria. Akasema ni lazima majangili wapate funzo.

Jangili. Mzungu aliyempiga ndovu, yeye aitwa mwindaji. Aliyembebea, boi. Mjukuu wa boi, jangili. Nimelizungusha kichwani tangu mchana na sipati pa kulishika.

Kipembe kimefungwa kwenye mfuko wenye namba. Kitachomwa, wasema, pamoja na vingine. Nikamwuliza karani kama nitaweza kukinusa mara moja tu. Alidhani nimerukwa na akili.

Baba Mueni hajala. Mwende ameuliza kama mitano ni mingi kuliko vidole vya mkono mmoja. Nikamwonyesha mkono. Akahesabu. Akasema ni sawa sawa.


Ijumaa, 2 Agosti

Nimekwenda gerezani na Ndunge. Hatukumwona. Siku za kuona wafungwa ni nyingine, zimebadilishwa, hatukuambiwa.

Askari jela mmoja mwanamke alituonea huruma. Akasema barua waweza kuacha. Nikamwambia mpe Mzee Mdogo. Akasema, "Mama, humu ndani wazee wadogo ni wengi. Andika jina lake juu, jina la kitabuni, ama haitafika."

Tukarudi bila kuacha kitu.


Jumapili, 4 Agosti

Mvua ndogo tangu asubuhi. Bi Mwanasha ameleta muhogo, akakaa kitini nusu saa akiumenya, akaenda zake. Nimemshukuru kwa hilo.

Mahindi yaliyobaki tumeyavunja jana, mimi na Ndunge. Yamejaa gunia moja na kidogo. Sikuchomoa fimbo kwenye makuti. Nimelichukua debe peke yake.

Nimekwenda kwenye kaburi la Mzee kabla ya ibada. Nikang'oa magugu. Nikamwambia, baba, mke wa mwanao ataka kuvunja mwiko. Si kwa dharau. Kuna mlango ambao hilo jina pekee ndilo lapita. Uniwie radhi. Nikangoja kidogo. Mvua ilipiga majani ya mkorosho.

Sasa nipo mezani. Karatasi safi nimeitenga. Humu najaribu kwanza, ili kule nisikosee.

Kimeu.

Nimeandika. Herufi tano. Nimekaa nikizitazama. Ni jina dogo kuliko nilivyodhani.

Kimeu mwanangu. Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Baba yako hajambo, amekula muhogo leo. Mueni hajambo, atakuja Desemba. Ndunge hajambo, hoteli ameacha, asema hawezi tena kupita chini ya ile picha, sasa afua nguo za watu Ukunda. Mwende hajambo, jino jipya latoka limekaa upande. Bi Mwanasha akusalimu, asema kuku wake wamekosa mtu wa kuwaogopa. Mbuzi hawajambo. Ndovu nao hawajambo, yule mtoto wao amekua.

Nisamehe mfuko wa shati. Nisamehe sahihi.

Siandiki mengi, askari watasoma. Unalala wapi, na una blanketi? Shati umepata la kubadilisha? Nijibu upesi, Kimeu, hata mstari mmoja, hata neno hajambo peke yake. Siku hizi najua kusoma.